Kuchagua Risasi ya Kuwindia Wanyama Wakubwa

Haya ni maneno ya somo lililosemwa redioni. Yamepigwa chapa ili yasomwe polepole darasani. Mwalimu asome sehemu moja kwanza, kisha wanafunzi waisome tena kwa zamu.

 Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na penseli na daftari lake. Somo letu la leo ni juu ya risasi. Tutajifunza namna ya kuchagua risasi inayofaa kumpigia mnyama mkubwa, yaani risasi itakayomwangusha upesi, isimwache ateseke, wala isimwache akimbilie porini na jeraha.

Labda mmoja wenu atasema, "Mimi sina bunduki. Somo hili lanihusu nini?" Ndugu yangu, lakuhusu. Nyati aliyejeruhiwa hamngoji yule mwindaji aliyempiga. Huingia kichakani akasimama kimya na maumivu yake. Mtu wa kwanza kupita pale huenda akawa mama anayetafuta kuni, au mrina asali, au mtoto anayemfuata mbuzi aliyepotea. Huyo ndiye atakayelipa kosa la mwingine. Tena nyama ya mawindo huliwa na watu wengi, na risasi huweza kuacha sumu ndani ya nyama hiyo. Basi jambo hili ni la kijiji kizima.

Liko na jambo la pili. Habari zote za risasi huandikwa juu ya sanduku lake. Asiyejua kusoma hupokea sanduku lolote apewalo. Ajuaye kusoma huchagua mwenyewe. Mtaona leo kwamba maneno machache na tarakimu chache zaweza kuokoa uhai wa mtu.

SHERIA KWANZA

Kabla hatujaigusa risasi, tuitazame sheria. Nchini Tanzania uwindaji unatawaliwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Huwezi kuwinda bila kibali, wala huwezi kumiliki bunduki bila leseni. Kibali hutaja mnyama na mahali. Nchini Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977. Tena mipaka hubadilika. Sehemu kubwa ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa watu hawaruhusiwi kuwinda. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza, "Nitumie risasi gani?" jiulize kwanza, "Ni mnyama gani, ni mahali gani, ni msimu gani, na kibali changu ki wapi?" Ukikosa jibu la moja katika maswali hayo, iache bunduki nyumbani.

RISASI NI KITU GANI?

Katika lugha yetu neno "risasi" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni madini: yale madini mazito, ya rangi ya kijivu, laini hata ukucha waweza kuyakwaruza. Maana ya pili ni kile kitu kitokacho katika bunduki. Kimepewa jina hilo kwa sababu tangu zamani kilitengenezwa kwa madini hayo. Leo tutatenganisha mambo haya mawili, maana siku hizi si kila risasi ya bunduki imetengenezwa kwa madini ya risasi.

Risasi moja nzima, kama itokavyo sandukuni, ina sehemu nne. Ziandike.

Ya kwanza ni ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba ya njano. Ya pili ni fataki, iliyo katikati ya kitako cha ganda. Ya tatu ni baruti, iliyo ndani ya ganda. Ya nne ni kichwa, kilichoshikwa mdomoni mwa ganda.

Ukivuta kifyatuo, pini huigonga fataki. Fataki hutoa cheche, baruti huwaka ghafula na kuwa moshi na hewa nyingi yenye nguvu, na hewa hiyo hukisukuma kichwa kipite katika mtutu. Ganda hubaki kwa mwindaji. Kichwa peke yake ndicho kinachokwenda kwa mnyama. Kwa hiyo, mtu anapochagua risasi, hasa anachagua kichwa. Mtu huweza kuwa na bunduki ya thamani kubwa, lakini akitia risasi yenye kichwa kisichofaa, bunduki yake haitamsaidia.

KICHWA CHA RISASI HUMWUAJE MNYAMA?

Wengi hudhani kwamba mnyama hufa kwa kishindo cha bunduki, au kwamba risasi kubwa humsukuma akaanguka. Sivyo. Mnyama hufa upesi kwa njia mbili tu. Njia ya kwanza ni kuharibika ubongo au uti wa mgongo wa shingoni. Njia ya pili ni kutobolewa moyo, mapafu, au mishipa mikubwa ya damu iliyo karibu navyo, hata damu isifike tena kwenye ubongo. Jeraha la paja au la tumbo halimwui upesi. Litamtesa kwa saa nyingi, pengine kwa siku nyingi.

Basi kichwa cha risasi kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupenya: kupita katika ngozi, nyama na mifupa mpaka kifike mahali penye uhai. Kazi ya pili ni kufungua tundu pana, ili damu itoke upesi.

Kwa bahati mbaya kazi hizi mbili hupingana. Jaribu jambo hili nyumbani. Chukua gunia la mpunga. Bana vidole vyako pamoja, uvichomeke ndani ya mpunga. Mkono utaingia ndani. Sasa utoe, ukunjue vidole vyote, kisha ujaribu tena. Mkono utakwama karibu na juu. Ndivyo ilivyo risasi. Kichwa kinachochanuka hufungua tundu pana, lakini husimama mapema. Kichwa kisichochanuka huenda mbali, lakini tundu lake ni jembamba.

Sasa mnajua kiini cha somo lote. Mwindaji mwenye akili hujiuliza: "Kati ya ncha ya risasi yangu na moyo wa mnyama huyu, kuna nini?" Kama kuna ngozi nyembamba na mbavu ndogo, achague kichwa kinachochanuka. Kama kuna ngozi nene, nyama nyingi na mifupa mizito, achague kichwa kinachopenya.

AINA ZA VICHWA

Vichwa ni vya aina nyingi, lakini sisi tutajifunza minne.

Aina ya kwanza ni kichwa laini. Ndani yake ni madini ya risasi, na nje kimevikwa koti la shaba. Koti hilo halikifuniki chote. Nchani madini laini huonekana. Kikimpiga mnyama, ncha hubonyea, koti hupasuka, na kichwa huchanuka kama uyoga. Mara nyingi upana wake huongezeka karibu mara mbili.

Aina ya pili ni kichwa kigumu. Hiki hakichanuki. Vya zamani vilikuwa na madini ya risasi ndani ya koti nene la chuma na shaba, lililofunika ncha yote. Vingi vya siku hizi huchongwa kutoka katika kipande kimoja cha shaba. Ncha yake ni butu, ama ya duara ama bapa. Msishangae kwamba si kali. Ncha kali ikigonga mfupa huweza kupindukia upande, lakini ncha butu huendelea mbele kwa njia iliyonyoka.

Aina ya tatu ni kichwa chenye ukuta ndani. Kina habari yake. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja aitwaye John Nosler alikuwa akiwinda katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada. Alimpiga mnyama wa nchi za baridi, mkubwa kama pofu, mwenye pembe pana kama makafi. Mnyama yule alikuwa amekaukiwa na matope mwilini. Bunduki ya Nosler ilirusha risasi kwa kasi sana, lakini vichwa vilivunjikavunjika juu juu, havikufika ndani. Nosler alirudi kwao akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele huchanuka, na nusu ya nyuma hubaki nzima ikiendelea kupenya. Mwaka 1948 alianza kuviuza. Fundisho lake ni hili: kasi nyingi pekee si nguvu. Kichwa dhaifu kikienda kasi, huvunjika mapema zaidi.

Aina ya nne ni kichwa cha shaba tupu kinachochanuka. Hakina madini ya risasi hata kidogo. Nchani kina tundu, na kikimpiga mnyama hujifungua kama ua lenye mapande manne au zaidi, wala hakimeguki sana. Vichwa vya namna hii vilienea tangu kampuni ya Barnes ya Marekani ilipoanza kuuza chake mwaka 1989.

KUSOMA SANDUKU

Sasa penseli mkononi. Juu ya sanduku tafuta mambo matatu.

La kwanza ni namba ya bunduki. Kwa mfano, 375 maana yake ni kwamba kichwa kina upana wa sehemu 375 katika sehemu 1,000 za inchi moja, yaani karibu milimita 9 na nusu. Risasi ya 375 H&H ilianza kuuzwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na hata leo inatumiwa sana katika Afrika. Namba iliyo juu ya sanduku, namba iliyopigwa kwenye kitako cha ganda, na namba iliyopigwa kwenye mtutu wa bunduki lazima ziwe sawa, neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu. Ziko risasi nyingi zenye namba zinazofanana mwanzo na kutofautiana mwisho. Usiseme, "Inaingia, basi yafaa." Risasi isiyo yake huweza kuipasua bunduki mbele ya uso wako.

La pili ni uzito wa kichwa. Uzito huu huandikwa kwa kipimo kiitwacho greni, na kifupi chake ni herufi GR. Greni 15 na nusu ni karibu gramu 1. Basi kichwa cha greni 300 ni karibu gramu 19, na cha greni 180 ni karibu gramu 12. Katika bunduki ya namba moja, kichwa kizito ni kirefu kuliko chepesi. Kirefu hupenya zaidi, kwa sababu uzito mwingi unasukuma tundu lilelile dogo. 

La tatu ni aina ya kichwa. Mara nyingi huandikwa kwa herufi. Herufi SP ni alama ya kichwa laini. Neno SOLID ni alama ya kichwa kigumu cha wanyama wakubwa. Herufi FMJ ni alama ya kichwa chenye koti kamili, kama kile cha jeshi, nacho tutakieleza baadaye. Viwanda vingine hutumia majina yao wenyewe. Ukikuta jina usilolijua, usikisie. Muulize mwuza risasi akueleze kinachanuka au hakichanuki, na kimekusudiwa mnyama wa namna gani.

MNYAMA YUPI, KICHWA KIPI?

Tuanze na wanyama wa nyama: swala, kongoni, kuro, nyumbu. Ngozi zao si nene. Bunduki kama 30-06, yenye kichwa laini cha greni 180, inawatosha. Ukitumia kichwa kigumu kwa swala, kitapita upande wa pili kikiacha tundu dogo, naye atakimbia mbali na kupotea. Tena kichwa hicho hakijaisha nguvu. Kitaendelea na safari, na huko mbele huenda kuna mtu.

Pofu na pundamilia ni jambo jingine. Pofu dume mkubwa huweza kufika kilo 900. Hao nao wapigwe kwa kichwa kinachochanuka, lakini kilicho kizito na imara, kama kile chenye ukuta au cha shaba tupu. Kichwa laini chepesi kiendacho kasi huweza kupasukia begani.

Simba na chui ni wanyama wa hatari, lakini si wenye ngozi nene. Mwili wao ni wa misuli na mifupa isiyo mizito kama ya nyati. Kwao kichwa laini ndicho kinachofaa, maana jeraha pana la haraka ndilo linalohitajika. Kichwa kigumu humtoboa simba bila kumsimamisha.

Nyati ndiye mtihani wa mwindaji. Dume huweza kuzidi kilo 700. Ngozi yake ni nene, mbavu zake ni pana, na moyo wake umekaa chini kifuani, nyuma ya mfupa wa bega. Desturi ya wawindaji wengi ni hii: risasi ya kwanza iwe ya kichwa kinachochanuka lakini imara, na zinazofuata ziwe za vichwa vigumu. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Risasi ya kwanza hupigwa mnyama akiwa ametulia, amegeuza ubavu, na njia ya kufika moyoni ni fupi. Risasi zinazofuata hupigwa akikimbia, pengine amegeuza makalio au anakuja mbele, na njia ya kufika moyoni ni ndefu. Hapo panahitajika kichwa kinachopenya sana. Lakini kama nyati yumo kundini, usipige kabla hujaona nyuma yake pako wazi. Kichwa kigumu huweza kumpita mmoja na kumjeruhi wa pili, nawe usijue.

Tembo na kiboko hupigwa na wenye kibali maalumu, au na askari wa wanyamapori wanaotumwa kulinda watu na mashamba. Kwa tembo kichwa cha risasi ni kimoja tu: kigumu. Ubongo wake umefichwa nyuma sana, ndani ya mfupa mkubwa wenye vyumba vyumba kama sega la asali. Kichwa laini kitaishia katika sega hilo, na tembo atabaki hai, mwenye hasira.

Hapa kuna hadithi inayopotosha wengi. Mskochi mmoja, W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufa mwaka 1954, aliwaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao huko Karamoja nchini Uganda na nchi za jirani. Wengi aliwapiga kwa bunduki ndogo ya 275. Watu husema, "Kumbe bunduki ndogo yatosha!" Lakini tazama alichochagua. Alitumia vichwa vigumu, virefu na vizito kwa upana wao. Tena alipasua fuvu la tembo ili ajue ubongo ulipo, akitazamwa kutoka pande zote. Bell hatufundishi kutumia bunduki ndogo. Anatufundisha kwamba kichwa kinachofika mahali penye uhai hushinda kichwa kikubwa kisichofika. Siku hizi sheria za nchi kadhaa za Afrika zimeweka 375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari, ili mwindaji wa kawaida, asiye na ustadi wa Bell, asije akaleta maafa. Uliza ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe kipimo cha kwenu.

RISASI ZA JESHI

Mwindaji mwingine husema, "Kama risasi ya jeshi yamwua mtu, kwa nini isimwue nyati?" Swali hili lataka jibu.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Kolkata nchini India, Waingereza walitengeneza vichwa vinavyochanuka kwa ajili ya vita. Majeraha yake yalikuwa mabaya mno. Mwaka 1899, katika mkutano wa Hague nchini Uholanzi, mataifa yalitangaza kwamba risasi zinazochanuka mwilini zisitumiwe vitani. Hiyo ni sababu moja ya vichwa vya jeshi kufunikwa koti kamili. Shabaha ya sheria ile ilikuwa kupunguza mateso ya askari aliyejeruhiwa. Lakini katika uwindaji mambo ni kinyume. Mwindaji hataki mnyama ajeruhiwe kidogo. Anataka afe mara moja. Kichwa kilichotengenezwa ili kisifungue jeraha pana hakiwezi kufanya kazi hiyo kwa kongoni.

Wala kichwa cha jeshi si sawa na kichwa kigumu cha tembo. Koti lake ni jembamba, ncha yake ni kali, na uzito wake ni mdogo. Kikigonga mfupa wa nyati hupinda au hugeuka njia.

Wako wanaokata au kusugua ncha ya risasi ya jeshi kwa tupa ili ichanuke. Sikilizeni vizuri: msifanye hivyo kamwe. Vichwa vingi vya jeshi vina koti lililo wazi upande wa nyuma. Ukiifungua na ncha, koti hubaki kama bomba lililo wazi pande zote mbili. Ukipiga, madini ya ndani huweza kutoka peke yake, na koti likabaki limekwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikifuata, mtutu hupasuka.

KUJARIBU NA KUTUNZA

Ukishachagua, usiende moja kwa moja porini. Bandika karatasi yenye alama mahali palipo na kilima nyuma yake, palipoidhinishwa, upige risasi tatu kwa hatua 100. Ukibadili uzito au aina ya kichwa, hata ikiwa bunduki ni ileile, mahali pa kupiga huweza kuhama. Ikiwa utachukua vichwa laini na vigumu pamoja, vijaribu vyote viwili. Visipopiga karibu mahali pamoja, tafuta vya aina nyingine.

Weka risasi mahali pakavu, pasipo na jua kali. Baruti iliyopata joto sana huongeza nguvu ya hewa ndani ya bunduki. Risasi yenye kutu ya kijani, au ganda lililobonyea au kupasuka, usiitumie. Porini tenganisha vichwa laini na vigumu katika mifuko miwili, ili mkono uvijue hata bila macho.

SUMU KATIKA NYAMA

Madini ya risasi ni sumu. Huharibu ubongo na damu, na watoto wadogo na akina mama wenye mimba ndio wanaodhurika zaidi. Kichwa laini kinapochanuka, hutawanya vipande vidogo sana ndani ya nyama. Vingine havionekani kwa macho, na huweza kufika mbali na tundu la risasi. Kuosha hakuviondoi, wala kupika hakuiui sumu hiyo. Basi anayechuna na akate nyama yote iliyochafuka kwa damu kuzunguka tundu, na zaidi ya hapo, aizike. Asiwape mbwa, wala asiwaachie tai. Tai nao hufa kwa sumu hii wanapokula mizoga. Ndiyo sababu jimbo la California nchini Marekani lilipiga marufuku vichwa vya madini hayo katika uwindaji wote mwaka 2019. Kichwa cha shaba tupu hukuondolea hatari hiyo, na huo ni uzuri wake mwingine.

KAMA MNYAMA AMEJERUHIWA

Hata aliyechagua vizuri huweza kukosea shabaha. Mnyama wa hatari akiingia kichakani na jeraha, usiende peke yako, wala usiende nyumbani ukanyamaza. Weka risasi nyingine bundukini mara moja. Tia alama mahali aliposimama na mahali alipoingia. Wapelekee watu wa kijiji habari wasipite njia ile, na mpe taarifa askari wa wanyamapori. Kunyamaza kwa ajili ya aibu ni kumtegea jirani yako mtego.

Kumbukeni basi mambo matatu: namba, uzito, aina ya kichwa. Na kabla ya hayo yote, lile swali moja: kati ya ncha ya risasi na moyo wa mnyama, kuna nini? Mtu anayeweza kulijibu swali hilo, na kulisoma sanduku mwenyewe bila kusomewa, ndiye anayefaa kushika bunduki. Asiyeweza, na angoje mpaka ajifunze.

MASWALI YA DARASA

1. Taja sehemu nne za risasi. Ni ipi inayokwenda kwa mnyama?
2. Kwa nini kichwa laini hakifai kwa tembo, na kichwa kigumu hakifai kwa swala?
3. Sanduku limeandikwa: 375 H&H, 300 GR, SOLID. Eleza kila neno na kila tarakimu.
4. Kichwa cha greni 465 ni karibu gramu ngapi?
5. Kwa nini ni hatari kukata ncha ya risasi ya jeshi?
6. Mwindaji wa kijijini kwenu amemjeruhi nyati jioni, naye anaona haya kusema. Andika barua fupi ya kumshauri.

Leteni barua hizo darasani, kila mmoja aisome yake kwa sauti. Kwaherini.